Ng'ombe Aliyewekwa Uani kwa Mama Yohana

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kiangazi katika bonde la Usangu ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta la shamba la mpunga, barua yenye mhuri iko mfukoni, nikashuhudia kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba hakipo.

Nakusimulia kwa sababu jana umeniambia umepata kazi ya kwenda kupima mradi wa haki mahali ambapo watu waliwahi kuuana. Nimeona umezitia fomu zako kwenye mfuko wa nailoni ili zisilowe. Vizuri. Mimi zangu pia hazikulowa hata siku moja.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Iringa, upande wa Tosamaganga, nikapata kazi katika ofisi moja mjini Mbeya. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, nikashona suruali ya bugaluu na kununua peni mbili, ya bluu na nyekundu. Nyekundu ndiyo niliyoipenda zaidi. Nyumbani kwetu Ruaha Mbuyuni nilikuwa mtoto wa kwanza kuajiriwa ofisini, na mama alikuwa akiwaambia majirani sokoni kwamba mwanawe "anakagua haki". Maneno yale yalinivimbisha kichwa kuliko mshahara.

Ofisi ile ilikuwa na mradi wa mabaraza ya haki. Katika vijiji ambako wakulima na wafugaji walikuwa wamepigana, pande zote mbili zilichagua watu wa kukaa pamoja, kusikiliza malalamiko kabla mtu hajashika rungu. Kazi yangu ilikuwa kuyatembelea mabaraza hayo na kusema lipi linafaa na lipi halifai. Lisilofaa lilivunjwa.

Kijiji ninachokusimulia jina lake naliacha, maana wajukuu wa watu wale bado wapo. Wakulima walikuwa Wasangu, Wahehe na Wabena. Wafugaji walikuwa Wasukuma waliohama kutoka kaskazini na familia zao na mifugo yao, wakitafuta majani. Miaka miwili kabla sijafika, ng'ombe waliingia kwenye mpunga uliokwisha kuiva. Watu wakapigana. Kijana mmoja mkulima, jina lake Yohana, akauawa kwa rungu kando ya shamba la mama yake. Usiku wa siku hiyo hiyo nyumba za wafugaji zilichomwa na ng'ombe wakakatwa miguu kwa mapanga. Aliyemwua Yohana alifungwa, lakini alipopelekwa gerezani hofu haikwenda naye. Ilibaki pale kijijini. Watu walikwenda shambani na mapanga ambayo hayakuwa ya kulimia.

Hapo ndipo baraza lilipoundwa. Wakulima wakamchagua mama yake Yohana. Wafugaji wakamchagua Mzee Masanja, na huyo aliyefungwa alikuwa mtoto wa dada yake. Fikiria hilo, mwanangu. Mimi sikulifikiria. Nilijaza majina yao kwenye fomu, nikaendelea.

Nilipofika mara ya kwanza niliweka meza katika ofisi ya kijiji, nikaomba daftari la kesi. Kwa mwaka mzima zilikuwa zimeandikwa kesi tatu. Nikamwuliza katibu kama kuna daftari lingine. Akasema hakuna. Nikaandika kwa nyekundu: *Baraza halifanyi kazi.*

Kisha nikaenda kumtafuta Mama Yohana nyumbani kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilimkuta anapepeta mpunga. Uani alikuwa amefungwa ng'ombe mwekundu, mkubwa, sikio lake limekatwa pembe tatu. Alama ile nilikwisha kuiona njiani, kwenye zizi la Masanja.

"Kamwene, baba," akaniamkia. "Karibu, angalia viatu vyako, hapo amekunya mgeni wangu."

"Kamwene, mama. Ng'ombe huyu ni wako?"

"Wangu? Kwani mimi nimeota pembe?" Akacheka peke yake. "Wa Masanja huyo. Sikio hulioni?"

"Amekupa?"

"Amemweka."

"Amemweka kwa nini?"

"Ili aje."

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Aliuchukua ungo akarudia kupepeta, kama mtu aliyekwisha kujibu. Nikaona ananikwepa.

"Na maziwa yake mnakunywa ninyi?"

"Sasa nimwage?"

Tukiwa pale Masanja mwenyewe akaingia, mzee mrefu mwenye kofia ya pama iliyopauka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaenda moja kwa moja kumpapasa ng'ombe shingoni kabla hajaketi. Nikamwuliza kama ni kweli ng'ombe ni wake, na kama ni kweli yeye na mama huyu wanakaa baraza moja.

"Ni kweli yote mawili."

"Na huoni shida yoyote hapo, mzee?"

"Shida ipo," akasema, amekunja uso. "Mama huyu anakamua mpaka ndama wangu amekonda."

"Mwongo mkubwa wewe!" Mama Yohana akaruka. "Ndama ana tumbo kama lako!"

Wakacheka wote wawili. Walicheka mpaka mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nami nikiwa nimeketi katikati yao nikaitoa peni nyekundu.

Nilizunguka kijiji nikakuta wanawake sita wa nyumba za wakulima, pamoja na Mama Yohana, wamewekewa ng'ombe namna hiyo. Sikuuliza tena. Niliporudi Mbeya niliandika ripoti ambayo mkuu wangu alisema ndiyo bora kupita zote. Niliandika kwamba daftari ni karibu tupu kwa sababu wajumbe wamehongwa ng'ombe. Nikapendekeza baraza livunjwe na ng'ombe warudishwe kwa wenyewe. Barua ikaandikwa, ikapigwa mhuri, nikapewa mimi niipeleke na kuisoma mbele ya kijiji.

Mwaka ule mpunga ulichelewa kuiva na malambo ya juu yakawahi kukauka. Ilikuwa lazima ng'ombe washuke mtoni, na njia ya mtoni ilipita katikati ya mashamba ambayo hayajavunwa. Mambo yalikuwa vilevile kama mwaka aliokufa Yohana. Mimi sikujua. Niliteremka kwenye basi barabara kuu, nikalala kwa mwalimu mmoja, asubuhi nikatembea hadi kijijini. Nikakuta watu wote wamekwisha kukusanyika karibu na mashamba. Nikadhani wamenisikia naja.

Nikasoma barua. Nilipomaliza, Mzee Masanja alikuwa amevua kofia.

"Kijana, rudia pale pa ng'ombe."

Nikarudia.

"Nani aliyeandika kwamba tumehongana?" Mama Yohana akauliza.

"Ofisi, mama."

"Ofisi ina mkono?"

Nikasema ni mimi. Akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja na homa bila kujijua.

"Haya," akasema. "Tumesikia. Lakini leo ng'ombe wanapita. Kaa hapa kwenye tuta, baba. Usiseme. Angalia."

Sasa, mwanangu, sikia nilichokiona.

Wafugaji walikuja mpaka kwenye kichuguu kikubwa yanapoanzia mashamba, mmoja mmoja akaweka fimbo yake chini. Zililala pale kama kuni. Kila mkulima alisimama mpakani mwa shamba lake, mikono mitupu. Njia katikati ilikuwa nyembamba, mikokoteni miwili isingepishana, na huku na huku mpunga umeinamisha vichwa, wa dhahabu, chakula cha mwaka mzima cha nyumba zote zile. Nyuma ya kichuguu lilikuwepo kundi ambalo sikuweza kuona mwisho wake. Vumbi tu, na pembe juu ya vumbi.

Kisha wale wanawake sita wakatoka, kila mmoja na ng'ombe wake aliyewekewa. Mama Yohana alikuwa mbele na yule mwekundu. Hawakuwafunga kamba. Walitembea mbele yao wakitoa sauti ndogo ya ulimi, ile wanayoitoa alfajiri wakikaa kukamua. Ng'ombe wale sita walikuwa wamezaliwa katika kundi lile, kundi linawajua. Na walikuwa wamekamuliwa na mikono ile, nao wanaijua mikono. Wakawafuata wanawake. Na kundi lote likawafuata wao.

Nimeona treni ya Uhuru ikipita Mbeya mara ya kwanza, watu wakipiga vigelegele. Haikunisimamisha nywele kama ng'ombe wale. Mamia ya wanyama wenye kiu, harufu ya maji iko puani mwao, wanapita katikati ya chakula kilichoiva, na kilichosikika ni kwato tu na ulimi wa wanawake sita. Ardhi ilikuwa ikitetemeka chini ya viatu vyangu. Wenye ng'ombe walitembea nyuma mikono mitupu, macho hayabanduki kwenye mpunga. Wenye mashamba vilevile. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwa na hofu, na hakuna hata mmoja aliyeondoka mahali pake.

Nusu ya njia ndama mmoja akanyoosha shingo, akang'oa mashuke mdomo mzima.

"Mzee Masanja!" mwenye shamba akapaza sauti. "Huyo wako ameanza mavuno!"

"Mwandikie kibarua!" Masanja akajibu kutoka kwenye vumbi.

Kicheko kikaenda tuta kwa tuta mpaka mwisho wa mashamba.

Wakafika kando ya shamba la Mama Yohana. Pale palikuwa na jiwe tu, jiwe la kawaida. Mama akasimama. Ng'ombe mwekundu akasimama. Na nyuma yake kundi lote, safu kwa safu, likasimama mpaka kwenye kichuguu. Vumbi likaanza kushuka juu yetu sote. Mzee Masanja akaja mbele, kofia mkononi, akasimama upande wa pili wa jiwe.

"Yohana," mama akasema, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. "Wanapita."

Akatoa tena ile sauti ya ulimi, wakaenda.

Nilikaa kwenye tuta lile mpaka wa mwisho amepita. Ndipo nilipoelewa lile jibu fupi la uani. Masanja alimweka ng'ombe ili aje. Mwenye ng'ombe lazima aje kumwona ng'ombe wake, na akija lazima apite kwenye mlango wa mama aliyefiwa, aamkiane naye, aulize ndama kalalaje. Mwanzoni walikuwa wakiamkiana bila kutazamana, mama aliniambia baadaye. Miezi ikapita. Siku moja akamtukana kuhusu ndama, Masanja akacheka, yeye naye akacheka, na usiku ule alilia kwa sababu hakujua kama ameruhusiwa kucheka. Malalamiko hayakuandikwa daftarini kwa sababu yalikwisha uani, wakati wa kukamua. Daftari lilikuwa tupu kama kitanda cha hospitali kinavyokuwa kitupu mgonjwa akipona.

Nikamfuata mtoni nikamwambia, "Mama, nitaandika barua nyingine."

"Andika, baba. Lakini hii imekwisha kusomwa."

Kwa kweli ilikuwa imesomwa mbele ya mwenyekiti na katibu, na wiki ile ile ng'ombe sita walirudishwa. Niliambiwa yule mwekundu alirudi mwenyewe uani kwa mama mara mbili, wakamfukuza kwa kuogopa mhuri.

Nilirudi Mbeya nikamweleza mkuu wangu kwamba nimekosea. Alinisikiliza, akaivuta ripoti yangu.

"Wewe mwenyewe umeandika wamehongwa," akasema. "Sasa na wewe wamekuhonga nini? Mtindi?"

Wenzangu ofisini wakacheka. Nami, mwanangu, nikacheka pamoja nao. Ile barua nyingine niliiandika, nikaiweka kwenye droo ya meza, nikafunga. Niliogopa kurudi nyumbani na kumwambia mama kwamba sikagui tena haki. Kosa la peni nyekundu lilikuwa la ujinga. Hili la droo nililijua wakati nalifanya, na ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Mwaka uliofuata ng'ombe walishuka tena, hakuna wa kuwatangulia. Kundi lilipasuka katikati ya mpunga. Fimbo zikaokotwa kwenye kichuguu, na mapanga yakatoka. Mzee Masanja alikimbilia mbele akijaribu kulizuia kundi kwa mikono, panga likamshukia mkononi, akaanguka karibu na lile jiwe. Waliokuwepo waliniambia Mama Yohana alikuja mbio, akasimama juu yake, miguu huku na huku ya mwili wake, amekunjua khanga yake mikono yote miwili kama anaanika.

"Hapa pamekwisha kumla mmoja!" alipiga kelele. "Anayetaka kupalisha mahali hapa wa pili aanze na mimi!"

Mikono ikashuka. Hakufa mtu. Lakini mkono wa Masanja haukushika kitu tena.

Habari ilinifikia Mbeya siku ya tatu. Nilitoa barua kwenye droo, nikaiweka juu ya meza ya mkuu, nikatoka bila kuomba ruhusa. Nilikwenda kijijini sina fomu wala peni. Nikakuta wanakaa baraza uani kwa Mama Yohana, lile lililovunjwa, wamelikalia bila kumwuliza mtu. Masanja alikuwa amefungwa mkono kifuani.

Nikasimama mbele yao nikasema yote. Kwamba niliuliza nikapata jibu nusu, nikaandika zima. Kwamba niliona kwa macho yangu nikanyamaza kuokoa kazi. Kwamba mkono ule nimeukata mimi. Nilitaka wanitukane. Nilitaka hata wanipige, nipumzike.

Katibu akafungua daftari jipya akaniuliza jina langu kamili. Mwanangu, kesi ya kwanza katika daftari lile ilikuwa yangu.

Waliondoka wakashauriana pembeni, muda mrefu. Waliporudi, Masanja akaenda zizini kwake, akarudi akimvuta kwa mkono mmoja mtamba mwekundu, mtoto wa yule wa uani, yule aliyesingiziwa kukonda. Akanikabidhi kamba.

"Huyu ni wako," akasema.

Nikadhani sikusikia. Nikasema, mzee, mimi ndiye mkosaji.

"Tumesikia. Ni wako. Ila huna zizi huko Soweto, atakaa hapa kwa mama."

"Kwa nini, mzee?"

Mama Yohana ndiye aliyejibu. Unajua alivyojibu.

"Ili uje."

Nikapiga magoti pale pale kwenye mavi ya ng'ombe na bugaluu yangu. Nimeingia mahakamani mara kadhaa maishani, nimesikia hukumu zikisomwa na watu waliovaa majoho. Sijasikia nyingine iliyonitia hofu na shukrani kwa pamoja namna ile. Watu niliowakosea walinifunga kwao kwa zawadi, na kila mwaka kiangazi kikifika ilinibidi nirudi nikausalimie mkono ule. Kazi niliipoteza. Nilirudi kila mwaka. Ng'ombe waliwekwa tena, wanawake wakatangulia tena, na nilipewa mahali pa kusimama, kwenye tuta, karibu na jiwe. Masanja na Mama Yohana wamekwisha kututangulia. Uzao wa mtamba wangu bado unatembea mbele.

Basi, mwanangu, nenda kapime. Kazi hiyo ni ya heshima na inahitajika, kwa maana yapo mabaraza yaliyohongwa kweli, na wapo wanyonge wanaoomba mtu aje aone. Lakini ukipewa jibu fupi na mtu aliyefiwa, kaa chini. Mwulize, "Aje kufanya nini?" Swali hilo moja lingeokoa mkono wa mzee. Usiende siku ya utulivu tu. Nenda siku ile ambayo ubaya unaweza kurudi, usimame mahali ulipotokea ubaya huo, uone watu wanafanya nini na hofu yao. Na kabla hujatia sahihi, wasomee ulichoandika palepale uani kwao, uwaache wakucheke. Kicheko chao ni nafuu sana. Ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama ofisi nzima inakucheka. Droo usiitumie.

Haya, chukua mfuko wako. Mungu akutangulie kama wale wanawake walivyotangulia, akupe masikio ya kungoja na miguu ya kurudi. Na siku utakapomkosea mtu, kwa maana utamkosea, akujalie mtu mwenye moyo wa kukuwekea mtamba.